Neno la Mhariri: Maji ya Jinja, Maji ya Mbale

Mei 2024 kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.66. Ziwa Victoria halikuwahi kurekodiwa likiwa juu kiasi hicho. Rekodi ya 1964 ilidumu zaidi ya nusu karne; ikavunjwa Mei 2020, na hiyo ya 2020 haikumaliza hata miaka mitano. Lakini maji hayo hayakumvamia mtu usiku. Yalipanda wiki baada ya wiki tangu mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, na aliyefuatilia kipimo aliyaona yakija. Pamoja na hayo, wapo watu wa mialoni waliohamisha vyombo vyao maji yakiwa yameshaingia ndani.

Mbale ni habari nyingine. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, mvua iliyonyesha kwenye miteremko ya Mlima Elgon ilifurisha mito ya Nabuyonga na Namatala, na watu zaidi ya 20 wakafa. Huko mtu hana wiki za kujiandaa. Ana saa chache, pengine hana hata hizo.

Hoja ya toleo hili ni kwamba hatari ya miezi na hatari ya saa haziwezi kubebwa na taarifa moja. Utabiri wa msimu, unaojadiliwa na wataalamu wa kanda nzima chini ya ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, kisha ukatolewa nchini na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda, una kazi yake: unamsaidia mkulima wa mahindi wa Busoga kuamua anunue mbegu ya muda mfupi au mrefu. Unatolewa kwa uwezekano, na hapo ndipo sisi waandishi tunapouharibu. Mtaalamu akisema uwezekano wa mvua kuzidi wastani ni asilimia 45, ana maana kwamba uwezekano wa kutozidi ni asilimia 55. Redioni inabaki "mvua nyingi zinakuja". Zisipokuja, mkulima anamwita mtaalamu mwongo, na msimu unaofuata hasikilizi tena.

Mlimani Elgon, utabiri wa msimu hautoshi kabisa. Nametsi, Bududa, Machi 2010. Bukalasi, Oktoba 2018. Bulambuli, Novemba 2024: maporomoko yote haya ya ardhi yalitokea katika miezi ambayo kila mtu alijua ni ya mvua. Kuwaambia watu wa huko kwamba mvua itanyesha ni kuwaambia wanachokijua. Wanachohitaji ni kujua jioni hii kwamba udongo wa mteremko wao umeshiba maji, na kwamba usiku huu wasilale hapo.

Tunasikia sana kwamba Wagisu, wenyeji wa miteremko hiyo, huonywa wakakataa kuhama. Maneno haya ni mepesi mno. Kahawa ya arabika inataka mwinuko; anayepelekwa kwenye makazi mapya ya tambarare ya Bunambutye anapata nyumba na kuacha pato lake huko juu. Mtu wa namna hiyo akirudi shambani si mkaidi, anafuata chakula cha watoto. Kumhamisha kabisa ni suala la ardhi na siasa, na litachukua miaka. Kumtoa usiku mmoja hakuhitaji miaka: kunahitaji kipimo cha mvua huko juu, mtu wa kukisoma, simu yenye salio, na shule au kanisa lililofunguliwa mapema kwa ajili ya wageni. Onyo lisilotaja mahali pa kulala halimtoi mtu kitandani.

Kwa hiyo tunaziomba redio za Mbale na Jinja mambo mawili. Utabiri wa msimu usomwe pamoja na asilimia zake, kwa Lugisu na Lusoga, na afisa kilimo awepo studioni kujibu simu. Na wilaya za mlimani zikitoa onyo la usiku, lisisubiri taarifa ya habari: kateni muziki, litajeni jina la mto na la kijiji, kisha mlirudie hadi kuche.