STAREHE YA BWAWANI IWE NA MPANGO

Kustarehe baada ya kazi ni haki ya kila mwananchi, wala si anasa ya wenye mali peke yao. Ila starehe isiyo na mpango huzaa msiba, hasa ikifanyika katika maji ambayo taifa zima linayategemea. Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo juu ya Bwawa la Mtera.

Tunaandika haya tukiwa Mkiwa, mkoani Singida, katika uwanda mkavu ambamo ndoo ya maji haichezewi. Kusini yetu, wilayani Manyoni, Mto Kizigo huteremka kwenda kukutana na Ruaha Mkuu huko Mtera. Maji hayo huzungusha mitambo ya megawati 80 hapo bwawani, kisha hushuka Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kuwa habari hii ni ya bara tu. Unguja imeungwa na gridi hiyo tangu mwaka 1980 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba ikaungwa kutoka Tanga mwaka 2010. Hazina yetu ni moja.

Barabara ya Iringa hadi Dodoma hupita juu ya ukuta wa bwawa hilo, na wasafiri husimama kununua samaki. Si ajabu kijana aliyechoshwa na vumbi la safari akatamani kujitosa majini. Lakini Mtera si ufuko wa Paje. Mna viboko na mamba. Tena maji yake hayafuati mwezi, hufuata mvua na mahitaji ya mitambo: bwawa likijaa, uso wake hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na ukishuka hadi mita 690 mitambo ya hapo hupaswa kusimama. Palipokuwa na kina jana, kesho ni tope.

Wapo watakaosema: pigeni marufuku. Marufuku isiyo na mlinzi ni karatasi tu. Huko Virginia, Marekani, Lake Anna lilifanywa mwaka 1972 ili kupoza mitambo ya nyuklia ya North Anna. Kuta zililigawa: upande mmoja maji ya moto hupoa kwanza, na upande mkubwa zaidi ukaachiwa umma kuvua, kuogelea na kuendesha mashua. Kila jambo lilipewa mahali pake.

Yatupasa nasi tufanye hivyo. Wakuu wa umeme, wa bonde la maji na wa wilaya wakae pamoja, watenge mahali pa kuoga mbali na ukuta na milango ya maji, waweke alama zinazosomeka na walinzi wanaojua kuogelea. Katika hili watu wa visiwani, waliolelewa na bahari na adabu zake, wana la kutufundisha. Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, nalo litavuta watu. Tusingoje jeneza ndipo tukumbuke mpango.

Maji haya ni amana mikononi mwetu, na amana sharti iwe na wa kuiangalia.