Mamlaka ya Mtume Siku ya Hudaibiya

Wako wanaodhani kwamba kuichungua sira ya Mtume Muhammad ni utovu wa adabu, ilhali mimi naona kwamba mwenye kutaka kujua mamlaka yake yalisimama juu ya nini hana budi kuizingatia siku ya Hudaibiya, mwaka wa 628, Makureshi walipomzuia yeye na masahaba wapatao 1,400 wasiingie Makka kufanya umra. Sulhu ilipoandikwa, Suhail bin Amri, mjumbe wa Makureshi, alikataa katakata cheo cha utume kitajwe, akataka jina la Muhammad na la babake tu. Sayyidna Ali, aliyekuwa katibu, hakuthubutu kulifuta neno hilo, na Mtume akaomba aonyeshwe lilipo, akalifuta kwa mkono wake. Sayyidna Umar alimkabili kwa maswali mazito, wala hakuadhibiwa.

Kisha alipowaamuru watu wachinje na kunyoa, hakuinuka hata mmoja, ingawa alikariri mara tatu. Akaingia kwa mkewe, Ummu Salama, naye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na kunyolewa yeye kwanza. Akafanya hivyo, na wote wakafuata. Jabari angaliita wenye panga. Na wanaodai utii leo kwa jina lake, huku wakichukia kuulizwa, wamekwenda kinyume na mwenendo wake ulio wazi. Hata Suhail, aliyekikataa cheo cha utume siku ile, alisilimu baada ya Makka kufunguliwa, mwaka wa 630.