Wewe Uliyekuwa Unachora

Mwezi huu tunasema na wewe uliyekuwa unachora zamani, kisha ukaacha. Hapa Karavia muko wengi. Kwa masomo ulikuwa unajaza kaye ya hesabu na picha za ndege, za motokari, hata za mwalimu mwenyewe na pua yake. Na wewe mama, ulikuwa unachora maua juu ya kitambaa mbele ya kushona broderi, na wenzako walikuwa wanakuletea vitambaa vyao uwachoree. Kisha maisha yakaingia: ndoa, watoto, kazi, kutafuta bukari. Miaka 10 ikapita, ao 20. Leo mutoto anakuletea krayo, anasema: "Papa, unichoreye simba." Unachora, unaangalia, unaona haiko simba, iko mbuzi mwenye ndevu. Unacheka, unamurudishia krayo yake, na ndani ya moyo unasema: kumbe, kile kitu kilikufa.

Hakikufa. Sikiliza kwanza sababu gani picha yako ya leo inakupatisha haya. Miaka yote hii jicho lako halikuacha kazi hata siku moja. Limeona sura za watu elfu na elfu, limeona ginsi jua la mangaribi linapiga ukuta, ginsi muzee anainama kwa kuokota kitu. Jicho limekomaa. Mukono wenyewe ulibakia pale ulipouacha. Ulipokuwa na miaka 15, jicho na mukono vilikuwa vya umri mumoja, ndiyo sababu ulijisifu bure kwa picha ambazo ukiziona leo utazificha. Sasa jicho ni muzee, mukono ni mutoto, na muzee anamukaripia mutoto. Ni hivi tu. Mutoto atakomaa, lakini si kama unamufukuza siku ya kwanza.

Nawaza zaidi wababa wa kazi ya Gécamines. Munakumbuka mwaka 2003, ginsi watu zaidi ya 10,000 walitoka kazini kwa ile mupango ya Départ Volontaire. Kati ya watu wa kampani kulikuwa na wa biro ya desini, waliochora mashini na mashimo kwa rula na kompa, mustari mwembamba kama unywele. Walipotoka waliacha rula na meza pale, na wengine walifikiri hata mukono ulikuwa mali ya kampani. Ukimuuliza mumoja wao, anajibu: "Mie najua paka kuchora na rula, haiko kuchora kwenyewe." Baba, unakosea. Wewe unaweza kuangalia murango na kusema urefu wake ni mara ngapi upana wake. Mwanafunzi wa kuchora anatafuta akili hiyo kwa jasho. Wewe uko nayo tayari, inalala tu.

Wengine wanasema: "Nimekwisha kuwa mukubwa." Basi angalia mambo yaliyotokea katika muji wetu wenyewe. Mwaka 1946, Lubumbashi ikiitwa Elisabethville, Mufaransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa nyumba ya kuchora iliyoitwa Le Hangar. Alikuwa na tabia za wazungu wa wakati ule, alisema na wachoraji kama baba na watoto wake, na hilo silisifu. Lakini neno moja alilifanya vizuri: alikataa wachoraji wake waige picha za Ulaya. Alitaka kila mutu achore vitu alivyoviona mwenyewe. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa amepita miaka 30 wakati Le Hangar ilipofunguliwa. Alichora samaki, ndege, nyoka ndani ya majani. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake na mistari mifupi mifupi, moja karibu ya nyingine, kama mutu anayesuka mukeka. Bela Sara, mutu wa Chad, hakutumia burashi, alitia rangi kwa ncha za vidole vyake. Romain-Desfossés akafa mwaka 1954. Kisha Pilipili na Mwenze wakafundisha wengine kwa Académie, ile aliyoifungua Laurent Moonens mwaka 1951. Pilipili alikufa mwaka 2007, na mwaka 2015 watu wa Paris waliona picha zake kwa Fondation Cartier. Vijana wetu wanajua majina yote ya Mazembe, kutoka golikipa mpaka wa mwisho wa akiba. Mimi pia napenda Mazembe. Lakini uliza kijana yeyote wa hapa Pilipili ni nani, atakuonyesha ile ya kutia ndani ya samaki.

Kuna na neno la feza. "Karatasi muzuri iko bei." Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alichora historia ya inchi yetu katika picha zaidi ya 100, miaka ya 1973 na 1974, kwa ajili ya Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha kwa université. Kitambaa alichotumia kilikuwa cha mifuko ya unga. Na makala iko ndani ya kila lupango. Chagua kipande chembamba, kisichopasuka, na upande mweupe wa karatasi ya zamani: unaweza kuanza leo.

Sasa anza na nini? Acha simba, hayuko mbele yako. Chora mbabula. Chora kiatu chako, sufuria, kinga iliyoegemea ukuta. Na uangalie kitu chenyewe kuliko karatasi. Mwambie mutu achore jicho: atachora kama samaki mudogo, na doti katikati. Hakuangalia jicho la mutu yeyote, alichora lile jina "jicho" lililo ndani ya kichwa chake. Mwalimu mumoja wa Marekani, Betty Edwards, alitoa kitabu mwaka 1979 na akaonyesha dawa ya jambo hili: twaa picha, uigeuze chini juu, kisha uiige hivyo hivyo imegeuka. Jaribu na picha ya kalandari. Kichwa kinashindwa kusema "hii ni pua, hii ni mudomo", kinabakia na mistari tu, na mukono unafuata. Ukimaliza, geuza karatasi yako. Wengi wanashangaa.

Usifute. Mustari ukikosa, uache, tia wa pili kando yake. Andika tarehe chini. Dakika 15 kila siku zinapita saa 3 za Siku ya Posho moja. Courant ikikatika, washa buji: kivuli cha buji ni kizuri kwa kuchora kuliko ampule. Kwa mwezi wa kwanza usionyeshe watu wazima picha zako. Watoto, ndiyo, wao hawana ubaya.

Najua kuna mumoja atainua mukono na kusema Kutoka 20 inakataza sanamu. Asome mbele kidogo, mulango wa 31, aone Bezaleli alipewa nini na nani. Sura hiyo inakataza kuabudu, na sijaona mutu anayeabudu mbabula.

Kubaki ni neno kwa wale wa nyumbani. Mama, siku utakapokuta baba amekaa kwenye kiti kidogo mbele ya mbabula, karatasi juu ya magoti, usimwambie anacheza mambo ya batoto. Na ile sufuria, kama bukari haijaungua, usiitoshe kwanza. Anachora mukono wake.