Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Methali hii tumeichambua darasani mara nyingi, lakini aghalabu tunaishia kwenye muundo wake bila kujiuliza inatudai nini. Hebu tuanze na sarufi. Kitenzi "shindana" ni kauli ya kutendana ya "shinda". Mtu hawezi kushindana peke yake, kama vile asivyoweza kusaidiana peke yake. Kwa hivyo mpinzani si kizuizi njiani. Ni mshirika ambaye bila yeye tendo lenyewe haliwezekani.

Nilikolelewa, viungani mwa Karatina, mechi za vijana wa makanisa huanza kwa sala. Kila upande huomba ushindi kwa Mungu yule yule. Kipenga cha mwisho kikilia, walioshinda husema Bwana amewapigania. Walioshindwa humlaani refa. Sijawahi kuwasikia waliofungwa wakitoa shukrani. Hapo ndipo imani yetu inapopwaya. Mkristo anayedhani kwamba Mungu ni shabiki wa timu yake bado hajamtambua jirani yake aliyevaa jezi ya rangi nyingine.

Nyeri yenyewe imetupa kielelezo bora. Mnamo Oktoba 2001, Catherine Ndereba, mzaliwa wa kijiji cha Gatung'ang'a, alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Aliivunja rekodi ya dunia ambayo Naoko Takahashi wa Japani alikuwa ameiweka mjini Berlin wiki moja tu kabla. Mwaka uliofuata, katika jiji lilo hilo la Chicago, Paula Radcliffe wa Uingereza akaivunja ya Ndereba. Rekodi, basi, ni amana: unapokezwa, nawe utapokonywa. Katika Olimpiki ya Athens ya 2004, Mizuki Noguchi alimtangulia Ndereba kwa sekunde 12. Beijing 2008, Constantina Tomescu wa Romania alimtangulia kwa sekunde 22. Kati ya medali hizo mbili za fedha, mwanariadha huyu asiyeficha imani yake ya Kikristo alitwaa ubingwa wa dunia huko Osaka, 2007. Aliyeshindwa alirejea mbioni, na huko ndiko kukubali kushindwa.

Wapo watakaodai kwamba unyenyekevu humlegeza mchezaji. La hasha! Mtume Paulo aliwahimiza Wakorintho wakimbie kwa nia ya kupata tuzo; Wafilipi nao akawataka wawahesabu wenzao kuwa bora kuliko wao wenyewe. Mawaidha haya hayapingani. Miguu ikimbie kwa nguvu zote, moyo usijitukuze.

Nayasema haya nikijisuta. Katika mdahalo mmoja wa vyuo, timu yetu iliposhindwa tulidai kwamba majaji walipendelea, ingawa hatukuwa na ushahidi wowote. Tukaondoka bila kuwapa washindi mkono. Hoja za siku hiyo nimezisahau. Nisichosahau ni mkono wa msichana mmoja wa timu ile, aliounyosha kwangu nikauacha hewani.

Chama chetu kinapoandaa mashindano ya insha, ushairi na midahalo, napendekeza kwamba matokeo yakitangazwa, walioshindwa ndio wapewe kipaza sauti kwanza, wawapongeze washindi kwa Kiswahili sanifu. Huo nao ni ufasaha, na pengine ndio mgumu kuliko wote.