Watoto wako ziwani, nani anawahesabu?



Vakansi kubwa imeanza, na kila mchana watoto wa Uvira wanashuka ziwani. Wengine wanaenda kucheza, wengine tumewatuma wenyewe na bidoni kwa sababu robine imekauka. Kuwakataza ziwa hatuwezi. Hata sisi tulikulia pale. Lakini sisi tunaofundisha, mwezi wa tisa tunapoita majina, tunaogopa jina lisiloitikiwa. Mwaka mmoja lilikuwa jina la mtoto wa miaka 9, wa benchi ya mbele. Siku ile wamama saba walikuwa wakifua nguo hatua chache kutoka alipokuwa. Kila mmoja alidhani mwenzake anamtazama.

Hakuna aliyesikia kitu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, maana mdomo wake uko majini na pumzi hana. Anaenda kimya, kwa muda mfupi sana.

Ndiyo maana katika kikundi chetu tumeanza desturi ya kitenge. Tukifika ziwani, mama mmoja anajifunga kitenge begani. Huyo hafui, hasuki nywele, hajibu simu. Kazi yake ni kutazama na kuhesabu watoto. Baada ya nusu saa anampa mwenzake kitenge, na wote wawili wanahesabu pamoja kwanza. Kama idadi haitoshi, kazi zote zinasimama. Mtoto mdogo asiyejua kuogelea, mtu mzima awe karibu naye kiasi cha kumshika kwa mkono.

Tuchague pia mahali na saa. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1.470, na sehemu nyingine chini inashuka ghafula. Kiangazi upepo wa kusini unaleta mawimbi. Yakianza kukua, watoto watoke. Mdomo wa Ruzizi na penye matete tuwaache viboko na mamba, zaidi sana alfajiri na jioni. Tena miaka hii maji yalipanda yakameza nyumba za kando. Kuta, mabati na mashimo ya vyoo yamebaki chini, kwa hiyo mtoto asiruke kichwa mbele mahali tusipopajua. Na maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa: kipindupindu tunakijua.

Kama mtoto anazama, moyo wa mama unasema: ruka! Wamama, kama hujui kuogelea, usiruke. Atakukamata shingoni, na tutalia wawili. Piga kelele uite wavuvi. Mrushie bidoni tupu iliyofungwa vizuri, maana inaelea, au mnyooshee fimbo au kitenge, wewe ukiwa umelala chini ukingoni. Watoto wetu pia tuwafundishe hivyo, kwa sababu mara nyingi kaka ndiye anayemfuata mdogo wake.

Akitolewa, tusimning'inize miguu juu wala kumbonyeza tumbo. Kama hapumui, tumlaze chali, tuinue kidevu, tumzibe pua, tumpulizie mdomoni mara 5. Asipoamka, tusukume katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi 2, tena 30, tena 2, bila kuacha, huku wengine wakitafuta pikipiki ya kwenda hospitali. Hata akiamka na kuomba chakula, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumsumbua baadaye.

Kitenge kila mmoja wetu anacho, na kuhesabu hakuna ada. Juma hili, kabla ya kushuka ziwani, kila kikundi kiulizane: leo nani anaanza?

Mwezi wa tisa tunataka kuita majina yote, na yote yaitikiwe.

Mwalimu wenu