Waliozama Bila ya Majina



Kila ifikapo tarehe 21 Mei, hapa Mwanza wako watu washikao njia ya Musoma mpaka Igoma, wakasimama penye makaburi ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba. Vijana wetu wengi hawakuwa wamezaliwa siku ile, na wengine walisikiapo jina la meli hudhani ni kisa cha zamani za Wajerumani. Kwa hiyo twaona yapasa ukurasa huu uwaeleze habari hii ya mji wao, na uongeze jambo moja ambalo katika kuisimulia halitajwi sana.

Meli ile ilitoka Bukoba jioni ya Jumatatu, 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo kupakia watu na mikungu ya ndizi. Ruhusa yake ilikuwa abiria 430. Asubuhi ya Jumanne, hali imekwisha kukaribia Mwanza, ililala ubavu, kisha ikapinduka tumbo juu. Ikaelea hivyo kwa muda, na ndani yake wamo watu wangali hai. Likatobolewa tundu katika chuma ili watolewe. Lakini hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwa tundu lile lile, nayo ikazama. Walikufa watu zaidi ya 800.

Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya siku tatu. Maiti waliopatikana waliletwa Uwanja wa Nyamagana, na jamaa zao wakapita safu kwa safu wakiwatafuta wa kwao. Wako waliowaona, wakawachukua. Wako wasiowaona kabisa, kwani wengi hawakutoka majini. Na wako maiti wasiotambuliwa na mtu, wakazikwa Igoma pasipo kujulikana huyu ni mtoto wa nani wala yule ni wa dini gani.

Sasa lile jambo letu ni hili. Orodha ya abiria iliyokuwapo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili tu. Daraja la tatu, walikojaa wachuuzi wadogo, akina mama na watoto wao, halikuwa na orodha. Mwenye fedha aliandikwa jina lake. Maskini alipanda kama upandavyo mkungu wa ndizi. Ndiyo maana hata leo hesabu ya waliokufa hutajwa kwa kukadiria.

Huenda msomaji akauliza, jina lamfaa nini mtu aliyekwisha kufa? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amemhesabu afaye maji katika mashahidi, na Mwenyezi Mungu awajua waja wake wote bila ya orodha. Hayo ni kweli. Walakini cheo cha marehemu huko akhera hakimwondolei mjane wake taabu za hapa duniani. Mtu aliyepotea, asijulikane kama yu hai au amekufa, sharia humwita mafkudi. Mali yake haigawanywi, wala mkewe haolewi, mpaka kifo chake kithibitike au kadhi ahukumu; na katika muda wa kungoja wanavyuoni wamekhitalifiana. Hebu mfikirini mwanamke wa Muleba ambaye mumewe alisema tu, "Naenda Mwanza," wala hakusema kwa chombo gani. Maiti hakuonekana, orodha haikuwapo. Mwanamke huyu eda yake ya miezi 4 na siku 10 aihesabu tangu siku gani? Na shemeji zake wakilitaka shamba, atasimama na ushahidi gani?

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, twaamrishwa kuandika deni lenye muda. Ikiwa deni huandikwa, mwenye deni je?

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikwisha mwaka 1996. Alhamisi, 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara. Ruhusa yake ilikuwa watu 101. Kilipinduka gati la Bwisya likionekana kwa macho, na watu 228 wakafa. Hapo tena hesabu ya waliopanda ilijulikana kwa kuwahesabu maiti na waliookoka. Na katika mitumbwi ya injini iendayo visiwani, msafiri hutoa nauli, akaketi, ikawa basi. Ati kuuliza jina ni uchuro! Uchuro ni kupanda mtumbwi uliokwisha kujaa.

Basi wazazi, anayesafiri ziwani na aandike nyumbani kabla ya kutoka: jina lake kamili na la baba yake, chombo atakachopanda, siku, na anaofuatana nao, tena madeni anayodai na anayodaiwa. Vijana waliosoma wawaandikie bibi zao wasiojua kuandika. Na akataye tiketi asikubali iandikwe jina la mtu mwingine.

Madrasani kwetu wanafunzi wakubwa wamekwisha anza daftari la waliozama mwaka 1996. Huwauliza wazee wao, huandika, kisha husoma mbele yetu siku ya Alhamisi. Yapo majina ambayo mleta habari alilijua la kuitwa tu, la baba halijui. Hayo nayo tumeyaandika, tukaacha nafasi mbele yake. Mwenye jina la kuongeza na alilete baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na kijiji alikotoka marehemu, na daraja alilopanda, kama lajulikana.