Ng'ambo ya Mto Malaba

Ni kweli kwamba mwanafunzi aliye ugenini hupata faraja kubwa kwa kutembea na kutazama. Nami, mzaliwa wa Malaba ya Kenya niliyesoma Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoasisiwa Uganda mwaka 2007, naongeza kwamba ughaibuni kwangu kulikuwa ng'ambo ya mto tu, hata lile jabali la Tororo nililolitazama utotoni kutoka uani kwa mama ndilo nililokuja kulipanda siku za Jumamosi, kwa ngazi za chuma zilizochoma viganja wakati wa adhuhuri, na huko kileleni, nikila chapati iliyoviringishiwa mayai, nikaona upande wa mashariki mabati ya kwetu yakimeremeta.

Basi nasikitika kuona vijana wa Busia, mji ulioupa ulimwengu neno bodaboda kwa baiskeli zake za kuvusha watu mpakani, wakidhani kwamba safari yenye manufaa ni ya London peke yake. Tangu mwaka 2014 kitambulisho cha taifa chatosha kuvukia. Vukeni, wadogo zangu, mkaone. Tororo mtaamkiwa kwa Kiteso kile kile cha nyumbani.